Kuta zetu ni za chokaa, msizitie saruji

Barua ya wazi kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa wataalamu wa malikale, na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo

Waheshimiwa,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, na ni binti wa mwashi. Baba yangu ana miaka 83. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa akichoma chokaa, akiizima kwa maji, akiichanganya na kuipiga kwenye nyumba za mawe za mji huu. Mpaka leo akipita njia akaona ukuta uliovimba, husimama, akauweka kiganja, akaunusa, kisha akaendelea na safari yake bila kusema neno. Nimechoka kumtazama akinyamaza, ndiyo maana naandika.

Ninaloomba ni hili: kila mkataba wa kukarabati jengo la mawe la kale katika mji huu uandike chokaa, na kazi yenyewe igeuzwe darasa, vijana wetu wajifunze humo wakati wazee wanaoijua bado wapo.

Naanza na nililoliona. Miaka michache iliyopita jumba moja la mawe, kwenye mtaa ninaoupita nikienda kazini, lilipata bahati ya kukarabatiwa. Silitaji jumba wala aliyelikarabati, na mkisoma mpaka mwisho mtaona kwa nini. Tulifurahi mno. Paa lilikuwa limeoza, popo wamefanya makao, na magugu yameota juu ya ukuta kama shamba. Mafundi walikuja mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Wakabandua lipu ya zamani, wakakuta mawe ya matumbawe yameloa chepechepe, na siku ya tatu wakaanza kupiga lipu ya saruji juu ya mawe yaleyale. Juu ya saruji ikaja rangi ya plastiki, samawati ya kupendeza. Maharusi wakawa wanakwenda kupiga picha pale.

Masika yaliyofuata rangi ilianza kutoa malengelenge usawa wa goti. Masika ya pili malengelenge yalikwisha kufika kifuani, na ukikwangua kwa ukucha unatoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Mwaka wa tatu lipu ikaanza kudondoka vipande vipana kama sinia, na kila kipande kilichodondoka kilikuwa kimebeba mgongoni tabaka la jiwe. Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Lipu mbaya ikianguka peke yake hupigwa nyingine. Lakini jiwe lililochunwa limekwenda, na ukuta uliokuwa na unene wa mkono mzima unabaki ukipungua kila mwaka.

Siku zile za Aprili nilimfuata msimamizi wa kazi. Nikamwambia, "Kaka yangu, ukuta huu ni wa chokaa."

Hakunigombeza. Alifungua faili, akanionyesha orodha ya kazi na bei, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwalimu, hata mimi najua," akasema. "Lakini tazama hapa. Imeandikwa saruji, na idadi ya mifuko. Nikileta chokaa nani atanilipa? Na hii kazi natakiwa niikabidhi kabla ya tarehe 30 Juni."

Niliondoka pale nikiwa sina wa kumlaumu. Fundi alifuata karatasi, na aliyeandika karatasi alifuata kalenda.

Waheshimiwa, niruhusuni nieleze ukuta wa matumbawe unavyofanya kazi, kwa maneno niliyoyapata nyumbani na mengine niliyoyasoma baadaye. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na kwa sababu hiyo hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Mji wetu uko ufukweni. Maji hayo yana chumvi, na upepo wa bahari unaongeza nyingine. Wazee waliojenga walilijua hilo, wala hawakujaribu kuyazuia maji kwa nguvu. Waliupa ukuta lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vitundu, ili unyevu ulioingia upate pa kutokea. Jua likiwaka, unyevu unatoka. Chumvi inakuja na unyevu mpaka kwenye lipu, lipu inachakaa taratibu, na kila baada ya miaka kadhaa inapigwa upya na kupakwa chokaa nyeupe. Lipu ilikuwa inakufa kwa niaba ya jiwe.

Saruji hufunga. Unyevu ukishindwa kutokea usawa wa goti, unapanda kutafuta pa kutokea, ndiyo maana malengelenge yale yalihama kutoka goti hadi kifua. Chumvi nayo inakwama nyuma ya saruji, ndani ya vitundu vya jiwe, na ikikauka inageuka kuwa chembe zinazotanuka na kulipasua jiwe kutoka ndani. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Ukuta wa matumbawe husogea kidogo kwa joto na kwa baridi, chokaa inasogea nao, saruji hainyumbuki. Panapofika mahali mmoja aachie, anayeachia ni aliye laini, yaani jiwe.

Sisemi saruji ni kitu kibaya. Nyumba yangu mimi ni ya tofali za saruji. Lakini saruji tuitumiayo ilipata hati yake ya uvumbuzi kule Uingereza mwaka 1824, na wajenzi wa msikiti wa Kaole, mwendo mfupi tu kusini mwa mji wetu, walikuwa wakipanga matumbawe kwa chokaa tangu karne ya 13. Nilipowapeleka watoto wa darasa la sita kule Kaole, mmoja aliniuliza hawa watu walinunua saruji wapi. Darasa zima likacheka, mimi nikanyamaza kidogo, kwa sababu mtoto yule hajawahi kuona mtu akijenga kwa kitu kingine. Angeona wapi?

Baba yangu aliijua chokaa kabla hajajua kusoma. Tanuu lilipangwa kwa magogo, ya minazi iliyozeeka na ya miti mingine, duara pana, na mawe yakamwagwa juu. Likiwashwa huwaka usiku kucha, na moto ukifika karibu nyuzi 900 jiwe linabadilika, likawa jepesi, jeupe, na la hatari. Sisi watoto tulifukuzwa siku ya kuizima, kwa sababu chokaa ile ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto na ikirukia jicho imelipofua. Baada ya hapo hulazwa shimoni chini ya maji, wiki nyingi, na ikikaa miezi ndiyo bora zaidi. Ilivyozidi kukaa ndivyo ilivyozidi kuwa laini, mpaka ikawa kama siagi. Mchanga baba aliuonja kwa ulimi. Ukiwa na chumvi aliurudisha, hata kama mwenye nyumba amekwisha kulipa mkokoteni. Lipu ilipigwa nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka siku zilipita, ukuta ukifunikwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiukaushe upesi. Chokaa haikauki tu kama udongo. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe lilelile lililochomwa, na hilo halilazimishwi kwa haraka. Nilipolisoma jambo hili chuoni kwenye kitabu cha kemia nilirudi nyumbani nikamweleza baba, naye akaniambia, "Sasa nyie mlidhani inafanya nini?"

Na sasa turudi kwenye kalenda, kwa sababu nadhani mzizi wa tatizo uko hapo, na wenye uwezo wa kuung'oa ni ninyi.

Mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza tarehe 1 Julai. Ndio mwezi mzuri kabisa kwa kazi ya chokaa: masika yamepita, ukuta unaanza kukauka, jua ni la wastani. Lakini Julai hakuna fedha mkononi. Kuna maandalizi, kuna zabuni, kuna tathmini, kuna kusubiri. Vuli inapita. Mkataba ukisainiwa Januari au Februari kila mtu anashukuru, na mkandarasi anaingia kazini Machi, mvua inaanza. Akichelewa kupita Juni, fedha zinarudi zilikotoka. Sasa mtu aliye katika hali hiyo, mwambie alaze chokaa shimoni miezi mitatu, asubiri ukuta ukauke kiangazi kizima, apige tabaka moja na angoje siku kadhaa kabla ya la pili. Hawezi. Saruji inashika kwa siku moja, naye ataichukua saruji, na mshauri elekezi ataiandika saruji mapema ili wasigombane mwishoni. Hakuna mwovu katika safari hii yote, na jumba linaliwa.

Ndiyo maana naomba ukarabati wa majengo haya upewe mikataba ya miaka miwili, kwa idhini ya Hazina. Mwaka wa kwanza uwe wa paa na mifereji, kubandua saruji ya zamani, kuuacha ukuta upumzike na ukauke, na kuandaa chokaa. Mwaka wa pili, Juni hadi Septemba, uwe wa lipu. Nasisitiza paa na mifereji kwa sababu huko ndiko nyumba za mawe zinakoanza kufa. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 nilizishuhudia. Nyumba zilizokuwa na paa zima zilivumilia. Zile ambazo maji yalikuwa yakiingia juu ya ukuta na kushuka katikati yake, pale penye udongo na vifusi, zilifumuka, na ukizitazama asubuhi unaona boriti za mikoko zimeninginia zikiwa zimeoza vichwa, mahali zilipoingia ukutani. Bati moja lililong'oka lingerudishwa kwa bei ya kilo chache za sukari.

Mtaniuliza kwa nini haya yanatuhusu kiasi hiki. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka 1891, na Boma lao la mwaka 1897 bado linatazama bahari na meno yake ya ngome juu ya kuta. Ngome Kongwe ni ya zamani zaidi, ya 1860, nayo imekuwa nyumba, kambi na gereza. Jina la Bagamoyo liko tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ndani ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Haya yameandikwa kwenye mabango na watalii wanayasoma.

Mimi lakini ninalolikumbuka kila siku ni shule. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili, alijenga shule hapa Bagamoyo katika miaka ya 1890, ya mawe na ya ghorofa, akaikabidhi kwa serikali ya Wajerumani kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote. Alifariki 1897. Fikirini mtu wa wakati ule, chini ya utawala ule, akitoa mali yake na kuweka sharti kama hilo. Ninapofundisha historia nawaambia watoto: wengine walituachia hapa minyororo, na huyu alituachia darasa. Kuta za darasa la namna hiyo zinataka mikono inayoelewa zilijengwaje, na mikono hiyo Bagamoyo nzima naweza kuihesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe vinatetemeka kwa uzee.

Kwa hiyo sehemu ya pili ya ombi langu ni darasa. Tunacho Chuo cha Sanaa hapa hapa tangu 1981, siku hizi TaSUBa, na vijana wanakuja kutoka nchi nzima kujifunza ngoma, maigizo, uchoraji na uchongaji. Tunayo VETA inayofundisha uashi. Chuo Kikuu Ardhi kiko Dar es Salaam, safari ya saa mbili, na kinafundisha wasanifu majengo. Kila mmoja ana kipande. Jengo moja tu la kale likifunguliwa kwa ukarabati wa miaka miwili, wanafunzi wa VETA wakashika mwiko, wa Ardhi wakapima na kuchora kila ufa, wachongaji wa TaSUBa wakashughulikia milango, na wazee wetu wakakaa pale kama walimu wenye posho, tutakuwa tumepata jengo na tumepata mafundi. (Milango nayo isisahauliwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata mlango uliochongwa kabla ya 1940, lakini fundi anayeweza kuziba pengo la nakshi bila kuiharibu ni wa kutafutwa kwa tochi.)

Utaratibu wa malipo tunao tayari. Madarasa mangapi yamejengwa nchi hii kwa mfumo wa force akaunti, kamati ya shule ikiajiri mafundi wa kijijini na kununua vifaa yenyewe? Nimekaa kwenye kamati kama hiyo, nimehesabu mifuko na kusaini stakabadhi. Mfumo huo, ukiwa na mtaalamu wa malikale juu yake, unafaa chokaa kuliko zabuni, kwa sababu fundi wa hapa hatalala hotelini akihesabu siku. Kikundi cha vijana kikipewa mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutengea vikundi, kwa ajili ya kuchoma na kuuza chokaa iliyolazwa, halmashauri itakuwa imepata bidhaa ambayo leo tukiihitaji hatujui tuinunue wapi.

Najua kuna swali gumu la mazingira, na sitalikwepa. Hatuwezi kurudi kung'oa matumbawe hai baharini. Samaki wetu wanazaliana humo. Hatuwezi kukata mikoko ovyo wakati ndiyo inayoshikilia ufukwe. Lakini mawe ya matumbawe ya kale yapo nchi kavu, chini ya ardhi, na vifusi vya nyumba zilizokwisha kuanguka vimelala vichakani humu mjini vikifaa kujengea tena. Boriti chache za mikoko kwa kibali cha misitu, kwa majengo machache yaliyoorodheshwa, si sawa na biashara ya mikoko. Vyumba vya zamani vyenyewe ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Hesabu ya boriti zinazotakiwa inaweza kufanywa mpaka ya mwisho kabla mti haujaguswa. Kuni za tanuu ziwe minazi mizee isiyozaa, na kama wataalamu wana tanuu linalokula kuni chache zaidi, walilete, baba mwenyewe ana hamu ya kuliona.

Na wenzetu wamekwisha kupita njia hii. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia 1981, yakatangazwa kuwa hatarini 2004, na yakatolewa hatarini 2014 baada ya kazi ya miaka, kazi ambayo wenyeji walishika chokaa kwa mikono yao. Ng'ambo ya pili, Zanzibar, tumeona upande mwingine. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Maajabu, lililosimama Forodhani tangu 1883, ilianguka ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Siku ile tulikaa barazani na redio na hakuna aliyeweza kula. Baba alitaka kujua jambo moja tu, kama waliofariki walikuwa mafundi.

Waheshimiwa, naomba jibu, hata liwe la kunieleza kwamba nimekosea mahali fulani. Nitalipokea na kujifunza. Ila kama kuna jengo Bagamoyo ambalo karatasi zake zinaandaliwa sasa hivi, tafadhalini ufungueni ule ukurasa wa orodha ya kazi na bei, tazameni mstari wa lipu umeandikwa nini, kabla haujasainiwa.

Shimo la kulazia chokaa linachimbwa kwa siku mbili. Nimemuuliza baba kama yuko tayari kufundisha. Alisema jukwaa la ujenzi hapandi tena, magoti hayamruhusu, lakini akiwekewa kiti kivulini karibu na ukuta anaona kila kitu, na mchanga ataendelea kuuonja mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Mwalimu, binti wa mwashi
Dunda, Bagamoyo